Nyoka Kwenye Kabati la Mama

Kabati la vioo la mama lilikuwa na sheria zake. Vikombe vyenye maua havikuguswa mpaka aje mchungaji, birika la kauri halikuwahi kuonja chai, na vitambaa vya kufuma vilivyotandikwa kwenye kila rafu vilifuliwa mara moja kwa mwaka, kabla ya Krismasi. Kwa hiyo Jumamosi ile nilipoingia sebuleni kwa baba na kukuta vyombo vyote vya mama vimepangwa juu ya kochi, nilijua mara moja kwamba mzee ameamua kugawa mali ya marehemu bila kutuita. Hasira zikanipanda. Hasira zangu hazina breki, mama mwenyewe alikuwa akilisema hilo mbele za watu.

"Shikamoo, baba. Hivi vyombo vimekosa nini?"

"Marahaba, mama. Punguza sauti, mgeni amelala."

Nikatazama mlango wa chumbani. Baba akatikisa kichwa, akanionyesha kabati kwa kidevu. Kwenye rafu ya chini, juu ya kitambaa cheupe cha kufuma, nyuma ya lile birika ambalo ndilo peke yake lililoachwa ndani, alikuwa amejikunja nyoka.

Nilipiga yowe kwa Kichagga, lugha ambayo siku hizi naitumia kwenye misiba na kwenye hofu tu. Nikajikuta nimesimama juu ya stuli na mfuko wa nyama ya supu mkononi. Baba hakushtuka. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani juu ya sweta, maana kwetu Machame, juu mlimani, mwezi wa sita ni ukungu na manyunyu toka asubuhi, na alikuwa ananitazama kwa subira, akingoja nimalize.

Niseme mapema kilichokuwa kinaniumiza, ili msomaji asidhani hii ni habari ya nyoka peke yake. Tangu tumzike mama, kabla ya masika, baba alikuwa anapungua. Hospitali walimpima kila kitu wakasema mzee hana ugonjwa, ale tu. Ale tu! Kama ningejua namna ya kumfanya ale ningempeleka hospitali kufanya nini? Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Njoro, kule mjini, na mwili wa mtu naupima kwa macho kabla sijashika futi. Suruali zake nilikuwa nimeshazipunguza kiuno, na kabla hazijazoea mshono nikazipunguza tena. Chakula nilichokuwa nampikia kila Jumamosi alikigawa kati ya ng'ombe na mbwa wa jirani, na yule mbwa alikuwa ananenepa vizuri sana. Nilimwomba ahamie nyumbani kwangu Soweto, mtaa wa mjini kule chini kwenye joto, akakataa. Nani atamkatia ng'ombe majani?

Ndiyo maana, nilipoona kuna kitu anakijali, sikumkimbilia yule nyoka na panga. Niliteremka kwenye stuli, nikauliza kwa sauti ya kujikaza ametoka wapi.

Alimkuta ghalani, akasema, nyuma ya magunia ya mahindi, akamfunika kwa kitenge cha mama na kumleta ndani. Kwa nini hakumuua? "Aliingia mwenyewe. Aliyeingia mwenyewe ni mgeni." Na kwa nini kabatini? "Umeona pengine penye kioo?"

Hapo akili yangu ilianza kuchanganyikiwa, na haikutulia kwa miezi mingi. Baba ni mzee wa kanisa. Nilipokuwa mdogo, bibi alikuwa akisema kwamba nyoka akiingia nyumbani asipigwe kabla hajaulizwa amefuata nini, maana huenda ametumwa na waliotangulia. Baba alikuwa akimkatisha kwa ukali: hayo tuliyaacha tulipobatizwa. Sasa mtu yuleyule alikuwa amemtandikia nyoka kitambaa cha marehemu mke wake. Nilitaka kumuuliza kama anadhani huyu ametumwa na mama, nikaacha. Niliogopa jibu la ndiyo, na la hapana pia.

Nikaingia jikoni, nikapika mtori kama mama alivyoupika, ndizi mshare zimelainika na nyama imechambuka. Nikamwekea bakuli. Akalitazama, akalisogeza pembeni kwa adabu.

"Mgeni hajala. Siwezi kula mgeni akiwa na njaa."

Kwetu hilo ni jambo la kweli. Mtu anaweza kulala njaa kwa sababu mgeni amekuta chakula hakitoshi, na hata siku moja hatasema. Lakini sijawahi kusikia likisemwa kwa ajili ya mnyama, tena mwenye tumbo la kutambalia.

"Ameanza lini kutokula?"

"Tangu aje."

"Na wewe?"

"Nakunywa uji."

Kwa hiyo mambo yakawa hivi: nyoka asipokula, baba hali. Nilimpigia kaka yangu wa Dar es Salaam, ambaye ndiye mkubwa wetu na kwa hiyo ndiye mwenye majibu ya kila kitu kisicho mbele ya macho yake. "Dada, ua hicho kitu, tupa shimoni, mwambie mzee kimeondoka chenyewe." Nikamwambia apande gari aje akiue yeye. Akasema mtandao unakatika.

Jumatatu sikurudi mjini. Kibanda nikakifunga, sare za shule za watu zikiwa zimekatwa na hazijashonwa, na wateja wakaanza kunipigia simu kwa upole, kisha bila upole. Nikatuma watu wanipandishie cherehani yangu ya mkono, nikaiweka mezani mkabala na kabati. Nikawa nashona huku jicho moja likiwa kwenye kioo.

Bwana mifugo wa kata alikuja nilipomwita, akidhani ni ng'ombe. Nilipomwambia mgonjwa yuko sebuleni, alibaki juu ya pikipiki yake bila kuvua kofia ngumu. "Mama, mimi nilisomea wenye miguu," akasema. Hatimaye alikubali kuchungulia kupitia dirishani. Akatazama kwa muda, akaomba nimpige nyoka picha kwa karibu, kisha nimwonyeshe. Mwili wa kahawia unaong'aa, mwembamba kama kidole gumba, urefu wa futi yangu ya kushonea ikikunjwa mara mbili, na mistari miwili ya rangi ya maziwa ikipita kwenye jicho. Akasema huyo ni nyoka wa majumbani, hana sumu, chakula chake ni panya. Akaongeza kwamba wanyama wa porini ni mali ya serikali na hawafugwi bila kibali, kwa hiyo akipata nguvu tumrudishe alikotoka.

"Serikali ije imlishe basi," baba akasema toka mlangoni.

Hana sumu. Neno hilo lilinipa ujasiri wa kijinga. Nikadhani kazi iliyobaki ni ndogo.

Sasa hapa lazima nieleze kosa letu, kwa sababu sidhani kama watu wa mahali pengine wangelifanya. Sisi wa mlimani mifugo hatuichungi. Ardhi haitoshi. Ng'ombe anakaa bandani maisha yake yote, na zamani alikaa ndani ya nyumba pamoja na watu, na chakula anafuatwa nacho kichwani: majani ya migomba, mabua yaliyopandishwa toka tambarare za Kahe, nyasi za kwenye kingo za mfereji. Asubuhi unampelekea, jioni unampelekea, unafagia, unamtandikia makavu. Ng'ombe akilia kwa njaa majirani wanasikia, na aibu ni ya nyumba nzima. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yetu yote ya ufugaji, mimi na baba. Basi tukamfuga nyoka kwa mtindo wa ng'ombe.

Asubuhi baba alifungua kioo akafagia. Akabadilisha matandiko. Akaweka maziwa kwenye kisosi, akayaondoa mchana yalipochacha, akaweka mengine. Mimi nikaweka yai. Nikaweka kipande cha nyama. Nikaweka, Mungu anisamehe, kijiko cha mtori. Kila tulipopita sebuleni tulisimama kumwangalia kama amekula, na kila tulipoona hajala tulifungua tukamsogezea chakula puani. Jioni tukafagia tena. Nyoka akawa anajibana nyuma ya birika mpaka likawa linatikisika kwenye kioo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu ningempa jembe angelishika na nini?

Siku nilipomsogezea nyama kwa mkono badala ya uma, aliniuma. Ilikuwa haraka sana, nikaona tu vitone vya damu kwenye kidole. Nilijua hana sumu, nilisikia kwa masikio yangu, lakini kujua na kuamini ni vitu viwili. Nikajilaza kwenye mkeka, nikamwambia baba anisamehe yote, na sare za watu zirudishwe na vitambaa vilivyobaki. Baba aliinama akakiangalia kidole changu. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba, na mimi pale chini sikujua nicheke au nilie kwamba nakufa na mzazi wangu anafurahi. Nilipoona sifi, nikainuka nikakasirika.

Alicheka, lakini jioni hakula.

Nikaingia kwenye simu. Kuuliza si ujinga. Kuna wazungu wengi sana wanaofuga nyoka na wote wana video. Mmoja anasema mpe joto, mwingine anasema joto likizidi unamuua. Mmoja anamvisha nyoka kofia. Wanatoa panya kwenye friji kama sisi tunavyotoa samaki. Niliyoyashika ni machache: nyoka hana joto lake mwenyewe, analiazima nje; akiwa na baridi, tumbo lake halifanyi kazi hata akila; anataka mahali pa kujificha, maji ya kunywa, na amani. Chakula mara moja kwa wiki kinamtosha. Nilirudia hapo mara kadhaa nikidhani sikusikia vizuri. Mara moja kwa wiki! Sisi tulikuwa tunampa milo kama fundi wa ujenzi.

Joto, Machame, mwezi wa sita. Nikaenda stoo nikaitoa taa ambayo mama alikuwa analelea vifaranga, nikaifunga juu ya pembe moja ya kabati ili upande mmoja uwe na joto na mwingine ubaki na ubaridi. Umeme ulipokatika nilijaza maji ya moto kwenye chupa, nikazivisha soksi za baba, nikazipanga ndani. Chungu kilichovunjika nikakigeuza kikawa pango. Baba aliniangalia nikihangaika.

"Umeanza kujua kazi," akasema.

Nilidhani tumefika mwisho wa matatizo. Ndipo macho ya nyoka yalipobadilika. Asubuhi moja yalikuwa yamefunikwa na utando wa buluu uliofifia, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi, na ngozi yake iliyokuwa ikimeremeta ikawa ya vumbi. Nilijua nimempofusha kwa taa. Nikaizima. Kisha nikafikiri, bila taa atakufa kwa baridi, nikaiwasha. Nikaizima tena. Nilisimama na waya mkononi nikiwa sijui kabisa la kufanya, mwanamke mzima mwenye wajukuu.

Baba alikuja, akainama kwenye kioo. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama yako naye macho yalikuwa hivyo mwishoni," akasema. Akaenda kulala mchana.

Siku hiyo alikataa hata uji. Kesho yake pia. Nilimpelekea kitandani, akageukia ukutani. Niliona mgongo wake ndani ya shati nililomshonea mwenyewe, na lile shati lilikuwa limebaki kama limening'inizwa kwenye henga. Niliogopa kuliko nilivyomwogopa nyoka siku ya kwanza. Nilimwona baba yangu anakufa, polepole na kwa heshima zote, kwa sababu ya mnyama wa ghalani, na mimi niliyekuwa na kazi moja tu, kumlisha, nilikuwa nimeshindwa.

Hasira ikanitoka. "Baba, yule ni nyoka!"

"Najua ni nyoka," akasema akiwa ameelekea ukutani. "Kwani mimi nimesema ni nani?"

Kweli hakuwahi kusema. Mimi ndiye niliyekuwa nimesema, kichwani mwangu, kila siku. Nikatoka nje nikasimama migombani, matone yakinidondokea toka kwenye majani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamlilia mama kwa sauti. Nilitaka anieleze huyu mume wake anataka nini. Aliishi naye miaka yote ile, lazima alijua.

Nilichofanya baada ya hapo sikukipanga. Nilipasha moto mtori, nikaweka meza ndogo mbele ya kabati, nikaenda kumwinua baba kwa kumshika mkono. Alikuja, kwa sababu alikuwa hana nguvu ya kubisha. Nikamkalisha.

"Baba," nikasema, "kwetu pombe ikiiva, nani anaonja kwanza?"

Akanitazama. "Mwenyeji."

"Kwa nini?"

"Ili mgeni ajue haina kitu."

"Basi. Sisi tumemwekea huyu maziwa, tumemwekea mayai, tumemwekea nyama, na hakuna aliyeonja mbele yake. Wewe ungekula kwenye nyumba hiyo?"

Ilikuwa ni hoja ya hovyo. Nilijua hivyo nikiwa naisema, na yeye aliyekuwa akisuluhisha kesi za mipaka ya vihamba, yale mashamba ya urithi, kwa miaka hakuwa mtu wa kudanganywa na binti yake. Alinitazama sana. Macho yake yalipita usoni kwangu, kwenye vidole vyangu vilivyotobolewa na sindano na meno ya nyoka, kwenye kanga niliyoivaa juu chini tangu juzi. Kisha akashika kijiko. Akaonja. Akasubiri kidogo, kama anayempa mtu nafasi ya kuona. Akaonja tena. Alikula nusu bakuli pale mbele ya kioo, taratibu, na mimi nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake.

Mpaka leo sijui kama alinisadiki au alinihurumia.

Alikula jioni, akala na asubuhi iliyofuata. Alikuwa anageuza kiti kwanza kukielekeza kabatini. Nyoka, kwa upande wake, hakuonyesha dalili yoyote ya kujali. Siku chache baadaye macho yake yakatakata yenyewe, nikazidi kuduwaa, na asubuhi moja nikakuta ametokeza chini ya chungu akiwa anang'aa kama kiatu cha harusi, na kando yake gamba lake, refu, jepesi, zima toka mdomoni hadi mkiani, hata vifuniko vya macho vikiwa mahali pake. Kumbe hakuwa kipofu wala hakuwa anakufa. Alikuwa anajivua gamba, neno ambalo mimi nilikuwa nimelisikia kwenye midomo ya wanasiasa tu, na sikujua kwamba kuna wanaolifanya kweli. Nyoka wote hukataa chakula wakati huo. Ilikuwa kwenye video. Sikuifikisha mwisho.

Baba alilishika gamba kwa vidole viwili, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Kazi nzuri ya ushonaji. Halina mshono." Niliona kama ananitania. Nikafurahi kutaniwa.

Panya tulimpata ghalani, mdogo, kwenye mtego. Nilimshika mkia kwa koleo la jiko na nikamwonea huruma, mimi ambaye panya wamenilia vitambaa vya watu mara ngapi. Nilimweka mbele ya chungu, nikafunga kioo, kisha nikafunika kabati lote kwa kitenge ili asitazamwe na mtu. Hilo nilikuwa nimejifunza: yule mgeni hakutaka wenyeji wamkodolee macho. Tulikaa jikoni, mimi na baba, tukiongea kwa sauti ya chini kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Tulipofunua, panya hakuwepo, na kwenye mwili wa nyoka kulikuwa na uvimbe mdogo unaoshuka. Nilimkumbatia baba. Hatukuwa watu wa kukumbatiana.

Baada ya hapo nilirudi Njoro, lakini nilipanda Jumatano na Jumamosi, na mara nyingi nikalala. Nilikuwa nimekuwa mfugaji. Nilijua maji ya kubadilisha, nilijua kutomshika akiwa ameshiba, nilijua kumwinua kwa mikono miwili bila kumbana, akapita kati ya vidole vyangu, mkavu na laini, ingawa siku zote nilidhani nyoka ana utelezi. Sijui kama nilimpenda. Nilipokuwa mjini nilimfikiria, na wateja walikuwa wananishangaa nikiuliza kama nyumbani kwao kuna panya. Kwa nyoka, kutunza ni kumwacha. Unampa joto, maji, unafunika, unaondoka. Nikiwa juu ya cherehani nilijiuliza kama kwa mtu mzima ni hivyohivyo au ni kinyume chake.

Baba alinenepa. Suruali nikazifumua, nikazirudisha.

Desemba ilikaribia, na Desemba kwetu haina mjadala, wote wanapanda nyumbani. Kaka akapiga simu kusema mke wake hatalala kwenye nyumba yenye nyoka kabatini, na mimi nikamwelewa wifi. Zaidi ya hayo, bwana mifugo alikuwa ameshasema. Jua lilikuwa limerudi, ghala lilikuwa na joto na panya wa kutosha. Ilibidi arudi alikotoka. Nilichoogopa ni baba. Njia nzima nikipanda nilikuwa najipangia maneno, nikayafuta, nikapanga mengine. Kama nyoka akiondoka na baba akaacha tena kula, je?

Nilimwambia tukiwa tumesimama mbele ya kabati. Nilimweleza kwamba mgeni amepona, amenenepa, na mgeni aliyepona huaga.

"Sawa," baba akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa sawa. "Sawa?"

"Apelekwe. Mimi nimemchoka zamani. Ananuka." Akakuna kidevu. "Nilikuwa naogopa kukuambia, nikaona wewe umempenda. Ukifika unaanza kwake. Nikasema basi akae."

Nilimtazama nikitafuta kama ananitania. Hakuwa anatania. Nilimtoa nyoka kwa mikono miwili, tukaenda naye ghalani, nikamweka nyuma ya magunia, akapita chini ya ubao bila kuaga mtu. Tulirudi ndani. Mimi nilikuwa najaribu kuhesabu upya miezi yote: nani alikuwa anamfugia nani. Nilikuwa nimefunga kibanda, nimeumwa, nimelala na simu kifuani nikisikiliza wazungu, nikiamini kila kitu nakifanya kwa ajili yake. Na yeye alikuwa amekaa kwenye kiti kile akinitazama nikimhudumia nyoka.

Baba akaketi. Akavuta kiti kingine kwa mguu, akakielekeza kwake.

"Sasa Jumatano," akasema, "utapanda kumwangalia nani?"

"Wewe, baba. Nilikuwa nakuja kukuangalia wewe."

Alilipokea jibu langu bila hasira, kama mtu aliyeletewa habari ambayo hakuwa nayo.

"Basi kaa," akasema.